Skripti ya kipanya inabofya pasipo pake, na mwenye duka anataka iturekodi

*"Habari mtaalamu. Mimi ni karani katika duka la vipuri hapa Kirinyaga Road, Nairobi. Kila jioni naingiza risiti kati ya 150 na 200 kwenye programu ya stoo, moja moja, kwa mkono. Binamu yangu anayesomea kompyuta aliniandikia skripti, yaani programu fupi ya amri kwa lugha ya Python, inayosogeza kipanya na kujaza yenyewe. Kwake ilienda vizuri. Kwenye kompyuta ya duka inabofya pembeni, karibu upana wa vidole viwili kutoka kwenye kitufe. Wiki iliyopita ilianza kuandika bei mahali pa idadi. Nilibonyeza kila kitu, haikusimama mpaka nikachomoa waya wa stima. Antivirusi nayo inasema ni programu hatari. Sasa mwenye duka amesikia habari hizi na anataka skripti hiyohiyo irekodi kipanya cha sisi makarani watatu, ajue nani anafanya kazi na nani amekaa tu. Je, inaweza kuharibu kompyuta? Niendelee nayo au niache? Na hilo la kuturekodi linawezekana kweli?"*

Dada yangu, pole kwa hiyo jioni ya kuchomoa waya. Kutazama kitu kinachojiendesha kikivuruga hesabu za mtu mwingine si jambo dogo, hasa ukijua kwamba asubuhi atakayeulizwa ni wewe. Swali lako lina mambo matatu yaliyoshikana: kwa nini skripti inakosa shabaha, kwa nini haikukusikia ulipotaka isimame, na kama ni sawa kuigeuza iwe jicho juu yenu. Nianze na hofu iliyo rahisi kuondoa.

Skripti haitaharibu kipanya wala kompyuta. Hakuna waya unaoungua wala sehemu inayochakaa kwa sababu ya kubofya kwa programu. Inachoweza kuharibu ni kumbukumbu za duka, na hofu yako yote ielekee huko. Ile ya antivirusi nayo haina maana kwamba binamu yako amekuwekea kirusi. Programu inayosogeza kishale na kuandika bila mkono wa mtu inafanana kitabia na programu za wezi, na antivirusi huhukumu kwa tabia. Ikiwa alikupa faili moja la .exe alilofungasha kutoka kwenye Python, mafaili ya namna hiyo hushukiwa mara nyingi hata yakiwa safi. Usizime antivirusi ya duka kwa ajili yake. Mwambie akupe faili la .py lenyewe, ambalo mtu anaweza kulifungua na kulisoma mstari kwa mstari, na uliendeshe hilo.

Sasa tuje kwenye kukosa shabaha. Kipanya chenyewe hakijui kishale kiko wapi. Chini yake kuna kamera ndogo sana inayopiga picha za meza zaidi ya elfu moja kila sekunde, ikilinganisha picha na iliyotangulia. Kinachopelekwa kwenye kompyuta ni mwendo tu: nimesogea kidogo kulia, nimesogea kidogo chini, kitufe cha kushoto kimebonyezwa. Kipanya cha kawaida cha USB hutoa taarifa hiyo hadi mara 125 kwa sekunde. Windows ndiyo inayojumlisha miendo hiyo, kuamua kishale kiko wapi, na kupeleka mbofyo kwenye dirisha lililo chini yake. Skripti haigusi kipanya kabisa. Inaingia kwa mlango mwingine na kuiambia Windows moja kwa moja: weka kishale 800, 400, kisha bofya. Namba hizo ni pikseli, yaani vile vidoa vinavyounda picha ya skrini, na zinahesabiwa kutoka pembe ya juu kushoto. Ya kwanza inaongezeka ukienda kulia, ya pili ukishuka chini.

Hapo ndipo tatizo lako lilipo. Wewe ukimwelekeza mgeni aje dukani humwambii atembee hatua 800. Unamwambia ashukie kituo cha basi cha Kencom, avuke, afuate barabara ya Tom Mboya, akifika Kirinyaga Road aulize. Ana macho, na alama za njiani zinamrekebisha. Skripti ya binamu yako imepewa hatua peke yake. Haijui kitufe ni nini, haijui kama dirisha limefunguka, haijui hata kama programu ya stoo ipo. Inafika kwenye namba na kubofya chochote kilichopo.

Kwa nini basi namba zilizofaa kwake hazifai kwenu? Kisababishi ninachokishuku kwanza ni mpangilio wa Windows unaokuza maandishi na vitufe ili visomeke vizuri. Kompyuta moja huwa imewekwa asilimia 100, nyingine 125, nyingine 150. Kitufe kilichokuwa pikseli 800 kutoka kushoto kwenye asilimia 100 kinahamia 1,000 kwenye asilimia 125. Tofauti hiyo ya pikseli 200, kwenye skrini ya laptop ya kawaida yenye upana wa pikseli 1,920, ni takriban sentimita tatu na nusu. Ndiyo vidole vyako viwili.

Lakini usiniamini bila kupima. Fungua programu ya stoo, ipanue ijaze skrini nzima, kisha endesha mistari hii minne. Kila sekunde itakuandikia kishale kiko wapi, wala haitabofya kitu:

```
import pyautogui, time
while True:
    print(pyautogui.position())
    time.sleep(1)
```

Weka kishale kwa mkono juu ya kitufe kilicho karibu na pembe ya juu kushoto, andika namba. Kisha kiweke juu ya kitufe kilicho mbali, chini kulia, andika namba. Linganisha na zile zilizo ndani ya skripti. Kosa likiwa dogo juu kushoto na likizidi kukua unavyokwenda kulia na chini, huo ni ukuzaji wa skrini. Kosa likiwa lilelile kila mahali, dirisha limesogezwa tu, au limefunguka mahali pengine. Na kama ni vile visanduku vinavyojitokeza katikati ya skrini pekee vinavyokosewa, skrini zenu zina ukubwa tofauti: katikati ya skrini ya pikseli 1,366 ni 683, katikati ya ile ya 1,920 ni 960. Kila jibu lina dawa yake, ndiyo maana nakuomba upime kabla ya mtu yeyote kuanza kubadilisha namba kwa kukisia.

Bei kuandikwa mahali pa idadi ni ugonjwa mwingine, na naona ndio mbaya zaidi kwa sababu hauonekani mara moja. Skripti haisubiri programu. Kama binamu yako aliandika isubiri sekunde moja baada ya kufungua risiti mpya, na kompyuta ya duka siku hiyo ikachukua sekunde tatu, maandishi yanaangukia kwenye kisanduku kilichokuwa wazi wakati huo. Vilevile ujumbe wowote unaojitokeza, wa sasisho la Windows, wa printa, wa antivirusi, unaweza kunyakua kibodi. Nimewahi kuiacha skripti yangu mwenyewe ikifanya kazi katika ofisi moja ya Industrial Area nikaenda kula. Niliporudi nilikuta idadi za bidhaa arobaini zimeandikwa ndani ya dirisha la ujumbe lililokuwa limejifungua. Kwa bahati hazikutumwa kwa mtu. Tangu siku hiyo sijaandika skripti isiyohakiki jina la dirisha lililo mbele kabla ya kugusa kibodi. Ni mistari miwili mitatu, na ingekuokoa ile jioni.

Kuhusu breki. Kama binamu yako alitumia PyAutoGUI, maktaba (mkusanyo wa amri za Python zilizoandikwa tayari) ambayo wengi huanza nayo, breki imo ndani tangu mwanzo: sukuma kishale kwa nguvu hadi kwenye pembe ya juu kushoto kabisa ya skrini, na skripti inakatika. Fungua faili utafute neno FAILSAFE. Ukikuta limewekwa kuwa False, alilizima. Wanafunzi hufanya hivyo wakichoka kukatizwa wanapojaribu. Lirudishwe True leo. Tafuta pia neno PAUSE. Kwa kawaida maktaba hiyo hupumzika sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kila amri, na ni pumziko hilo linaloupa mkono wako nafasi ya kukamata kipanya. Likiwa sifuri, utashindana na kishale na kitakushinda. Kwenye kompyuta ya duka mimi ningeweka nusu sekunde bila kusita. Hakuna anayekimbizwa saa kumi na mbili jioni kiasi cha kushindwa kusubiri dakika chache.

Ulisema ulibonyeza kila kitu. Huenda ulijaribu Ctrl na C, na haikusaidia kwa sababu amri hiyo husikika tu ukiwa ndani ya dirisha jeusi lililoanzisha skripti, na skripti ilikuwa imekwisha kulipeleka nyuma. Siku nyingine, pembe ikishindikana, bonyeza Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja. Skrini inayofunguka hapo imelindwa, mbofyo wa skripti haufiki. Ukiwa hapo chagua Sign out, yaani kutoka kwenye akaunti, na programu zote ulizozifungua zitafungwa, skripti ikiwemo. Kuchomoa waya kuwe jambo la mwisho kabisa, maana programu ya stoo ikikatwa katikati ya kuhifadhi, faili lake linaweza kuharibika.

Na kwa kuwa umetaja stima: ikipotea skripti ikiwa kwenye risiti ya 87, itaendelea wapi ikirudi? Nina hakika ya kwako inaanza tena kutoka ya kwanza, na hapo una risiti 86 zilizoingizwa mara mbili, na stoo inaonyesha vipuri vimeuzwa ambavyo bado viko rafuni. Mwambie binamu yako kila risiti ikikamilika skripti iandike namba yake kwenye faili dogo la maandishi, pamoja na saa. Ikianza, isome faili hilo kwanza na kuruka zilizomo. Mimi huongeza picha ya skrini kwa kila risiti, inayohifadhiwa kwenye folda ya siku hiyo. Mtu akiuliza kesho kwa nini filta za mafuta zimepungua, unamfungulia picha.

Sasa kuendelea au kuacha. Mimi ningeiacha kwa namna ilivyo, bila kuacha wazo lenyewe. Kipanya ni njia ya mwisho ya kuiendesha programu ya mtu mwingine. Kabla ya yote, mpigie aliyewauzia programu ya stoo umuulize swali moja: je, inaweza kupokea risiti kutoka faili la Excel au CSV, yaani jedwali la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma? Programu nyingi za stoo, hata kuukuu, zina kipengele hicho kimefichwa ndani ya menyu ambayo hakuna aliyewahi kuifungua. Kikiwepo, risiti 200 zinaingia kwa mara moja, na programu yenyewe inakataa mstari wenye kosa. Nimeona watu wakihangaika miezi na kipanya huku kitufe hicho kikiwa pale pale.

Kama haipo, jaribu kuifanya kazi yote kwa kibodi: Tab kuhama kisanduku, Enter kuhifadhi, Alt na herufi kufungua menyu. Ukiweza kuingiza risiti moja nzima bila kugusa kipanya, basi skripti nayo inaweza, na ukuzaji wa skrini hautakusumbua tena kwa sababu Tab haijali kitufe kiko pikseli ya ngapi. Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwako. Juu yake kuna maktaba iitwayo pywinauto inayotafuta kitufe cha Windows kwa jina lake, "Hifadhi" au "Ongeza", bila kujali kilipo. Hiyo ndiyo Kencom na Tom Mboya niliyosema. Inafanya kazi vizuri na programu zilizojengwa kwa vitufe vya kawaida vya Windows. Nyingine za zamani hujichorea vitufe vyao, na hizo maktaba hiyo haizisomi. Kwa hizo bado kuna njia ya picha: unaipa skripti kipande cha picha ya kitufe, inakitafuta kwenye skrini, na isipokiona inasimama. Ni ya polepole, na picha iliyopigwa kwenye asilimia 100 haitalingana na skrini ya 125, kwa hiyo ipigwe kwenye kompyuta ya duka yenyewe. Namba tupu za pikseli ziwe za kazi ya dakika tano ukiwa umeketi hapo unatazama.

Jambo dogo, lisije likakushangaza: siku kishale kitakapofika mahali pake barabara lakini mbofyo usifanye kitu, angalia kama programu ya stoo imefunguliwa kwa haki za msimamizi. Windows haikubali programu ya kawaida iibofyee programu yenye haki za juu kuliko yake.

Nije kwa mwenye duka. Ndiyo, kurekodi kunawezekana, ingawa si kwa skripti hiyohiyo. Ya kuendesha na ya kusikiliza ni vitu viwili. Ya kusikiliza huandikwa kwa maktaba kama pynput: unaiomba Windows ikuarifu kila kishale kinaposogea, kila mbofyo, kila mzunguko wa gurudumu, pamoja na mahali na wakati. Kiufundi ni mistari kumi. Lakini hesabu ujazo wake: taarifa 125 kwa sekunde, kipanya kikisogea mfululizo, ni mistari 450,000 kwa saa moja ya karani mmoja. Zidisha kwa makarani watatu na saa nane. Na kwa kuwa kila mwendo hupitia kwanza kwenye msikilizaji huyo, akiwa mzito, kipanya nacho kinakuwa kizito mkononi mwenu.

Hata hivyo ujazo si pingamizi langu kubwa. Kipanya kinapima mkono, hakipimi kazi. Karani aliyesimama kaunta akimsaidia fundi kutafuta bearing ya gari la Probox hagusi kipanya kwa dakika ishirini, na hiyo ndiyo kazi iliyoleta pesa. Anayezungusha kishale akisoma habari za mpira atapata alama zote. Na yeyote anayetaka kudanganya ataandika mistari mitano ya kusogeza kishale kila dakika, au ataweka kipanya juu ya saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, kamera ile ya chini iuone mshale ukipita na kudhani meza inasogea. Mwenye duka atakuwa amelipia ripoti inayomdanganya kuhusu watu wake mwenyewe. Mwambie hivyo kwa heshima, ukiwa na jibu mkononi: programu ya stoo kwa kawaida inajua risiti ipi imeingizwa na nani, saa ngapi. Ripoti hiyo inapima kazi yenyewe. Akiwa anahofia kompyuta kuachwa wazi, Windows inajua sekunde ngapi zimepita tangu mtu aguse kipanya au kibodi, na inaweza kujifunga baada ya dakika tano. Hilo halihitaji kumrekodi yeyote.

Akishikilia msimamo, kuna sheria. Kifungu cha 31 cha Katiba yetu ya Kenya ya 2010 kinalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu taarifa zinazomhusu mtu anayetambulika, karani akiwemo, kuwa data yake binafsi. Mnastahili kuambiwa kabla nini kinakusanywa, kwa sababu gani, kitakaa muda gani na nani atakiona, na kisikusanywe zaidi ya kinachohitajika. Kuweka msikilizaji kwa siri ni hatua ambayo singemshauri mwajiri yeyote aichukue, na kwenye kompyuta au simu ya karani mwenyewe ni hatari zaidi, maana Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 inagusa kuingia na kunasa bila idhini. Na wewe, dada, usikubali kuwa mtu wa kuiweka kwenye kompyuta za wenzako kwa maagizo ya mdomo. Omba yawe kwa maandishi, na wenzako wawe wamesaini kwamba wanajua. Mwenye duka akiwa na wakili, azungumze naye kwanza. Asiye naye anaweza kuuliza Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iko hapa hapa Nairobi.

Kuna mambo ambayo siwezi kukusaidia kwa maandishi. Zile risiti za wiki iliyopita zilizoingia vibaya zisahihishwe ukiwa na mhasibu wa duka, kabla mwezi haujafungwa na kabla ya hesabu za kodi. Usizifute peke yako, hata kama programu inakuruhusu. Ikiwa programu ya stoo sasa inatoa ujumbe wa kosa inapofunguka tangu ulipochomoa waya, usiendelee kuingiza chochote. Nakili folda yake kwenye flashi na umwite aliyewauzia aje. Na kama siku yoyote kishale kitatembea chenyewe skripti ikiwa imefungwa, kikifungua madirisha kwa mpangilio kana kwamba kuna mtu nyuma yake, chomoa intaneti papo hapo na uite fundi unayemwamini aje dukani. Wakati mwingine ni uchafu kwenye kamera ya kipanya au touchpad yenye unyevu, na hapo kishale huruka-ruka ovyo bila shabaha. Kinachotembea kwa nia kinaangaliwa na mtu aliyepo, kwa macho yake.

Kwa jioni ya leo, ingiza risiti kwa mkono kama kawaida. Kesho nakili kwanza data ya stoo kwenye flashi, endesha ile mistari minne, uniandikie namba za vitufe viwili, cha juu kushoto na cha chini kulia, pamoja na zile za binamu yako. Kwa jozi hizo nne za namba nitaweza kukuambia kama ni ukuzaji wa skrini au ni dirisha lililosogea.